Jina la Themanini na Saba

Shule ya Sekondari ya Wasichana
Wilaya ya Unha
14 Aprili 1990

Kwa Babu Maeng In-su, Busan

Shikamoo Babu,

Hunijui, na mwanzo wa barua hii nimeuandika mara nne. Naitwa Pyo Seon-hui, nina miaka kumi na saba, niko mwaka wa pili wa sekondari ya juu. Anwani yako nimepewa na karani wa ofisi ya wilaya, kutoka kwenye orodha ya wafiwa. Samahani kama ninakusumbua.

Tarehe sita Juni, mbele ya mnara wa mashujaa, wanajeshi wote wa wilaya yetu waliokufa katika vita vya Kaskazini na Kusini watasomwa majina, mmoja mmoja. Miaka yote iliyopita ilitajwa hesabu tu, mia mbili na kumi na wawili. Mwaka huu Mwalimu Bang alisema hesabu haina mama wala baba, na ofisi ikakubali. Msomaji ni mimi. Sikuchaguliwa kwa ajili ya sauti, maana sauti yangu haifiki hata dawati la mbele. Nilichaguliwa kwa sababu nazijua herufi za Kichina, na majina ya mnarani yamechongwa kwa herufi hizo.

Sasa nimekwama. Jina la themanini na saba ni la kaka yako, marehemu Maeng In-ho. Kwenye jiwe, Ho imeandikwa ile yenye alama ya maji ubavuni. Kwenye orodha ya ofisi ni Ho yenye alama ya chuma. Ukisikiliza ni sauti ile ile, najua, na hakuna atakayegundua. Lakini nitakuwa nimeishika karatasi mkononi, na mimi mwenyewe nitajua kwamba sikujua. Tafadhali nisaidie: kaka yako alikuwa Ho ya maji au Ho ya chuma?

Nawe ukiweza kuja siku hiyo, viti vya wafiwa viko mbele, chini ya turubai.

Wako mwenye heshima,
Pyo Seon-hui


Busan
23 Aprili 1990

Mwanafunzi Pyo,

Barua yako imefika. Aliyeipokea ni mke wa mwanangu, akaisoma kabla yangu kwa sababu bahasha ilikuwa na mhuri wa shule, akadhani ni habari za watoto.

Hilo jina liache. Soma themanini na sita, kisha themanini na nane. Watu watakuwa wanajipepea kwa joto la jua, hakuna atakayehesabu.

Sitakuja. Mama yangu ana miaka themanini na tatu na hapendi safari.

Usiandike tena. Kama ni lazima, tumia bahasha nyeupe isiyo na mhuri.

Maeng In-su


Unha
2 Mei 1990

Shikamoo Babu,

Bahasha ni nyeupe kama ulivyosema. Nimeinunua mwenyewe.

Nimejaribu. Nilimwuliza karani kama familia inaweza kuomba jina lisisomwe. Akacheka. "Jina likishaingia kwenye jiwe, dada, hulitoi bila nyundo." Kisha akaacha kucheka. "Familia gani hiyo?" Nikasema nilikuwa nauliza tu. Nadhani masikio yangu yalikuwa mekundu. Huwa yananisaliti.

Nyumbani ninafanya mazoezi jikoni Bibi akimenya vitunguu saumu. Ananicheka tangu jina la kwanza.

"Sauti gani hiyo? Mbu ndani ya chupa!"

"Bibi, nasoma kwa heshima."

"Heshima peleka kanisani. Wale masikio yao yamejaa udongo. Paza!"

Basi nikapaza. Nilipofika kwa kaka yako, kisu cha Bibi kikasimama.

"Huyo mruke."

"Siwezi kumruka mtu, Bibi."

"Mbona figili kwenye sahani unaziruka kila siku? Mruke."

Nikamwuliza kwa nini. Akasema kuna majina hayaulizwi, akanituma nikachote maji, na ndoo ilikuwa imejaa.

Babu, nimefikiri sana na naogopa kuandika hili, lakini kutoandika kunanitisha zaidi. Nimesoma kwamba baadhi ya waliohesabiwa wamekufa hawakufa, bali walivuka upande wa kaskazini, na familia zao ziliteseka miaka mingi kwa sababu yao. Kama kaka yako alikuwa mmoja wao, nataka ujue kwamba sitamwambia mtu. Sitamhukumu. Wakati ule alikuwa kijana tu, karibu rika langu.

Lakini siwezi kusoma jina la mtu aliye hai katikati ya waliokufa. Bibi anasema kufanya hivyo ni kumwita kaburini.

Seon-hui


Busan
9 Mei 1990

Mwanafunzi Pyo,

Barua hii yako nimeichoma kwenye jiko la makaa, na kwa kijiti nikayavuruga majivu. Una akili ya vitabu, akili ya mtaa huna hata kijiko. Unajua neno "kaskazini" limekula watu wangapi katika nchi hii? Nina mtoto anayefanya kazi bandarini. Nina wajukuu.

Ndugu yangu hakuvuka popote. Alikufa kwenye kilima, Oktoba 1951, uso wake ukielekea kule alikoambiwa aelekee. Usimchafue.

Maeng In-su


Busan
12 Mei 1990

Mwanangu Seon-hui,

Siku tatu hizi miavuli imenishinda. Kazi yangu ni kutengeneza miavuli, na jana nilifunga kitambaa cha mteja ndani nje. Sijawahi.

Nilikufokea. Ulikuwa umekosea, lakini ulikosea ukiwa na nia ya kutuficha, na mimi najua thamani ya anayekuficha. Kwa hiyo nitakuambia. Ukimaliza kusoma, wewe pia tafuta jiko la makaa.

Uliuliza kama Ho ni ya maji au ya chuma. Ni ya chuma. Nalijua hilo kwa sababu ni yangu.

Mimi ndiye Maeng In-ho. Wito wa jeshi ulikuja kwa jina langu mwaka wa hamsini na moja, mwezi wa pili, theluji ikiwa juu ya mitungi ya kabichi ya kimchi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Baba aliisoma ile karatasi, akaiweka chini ya mkeka, akakaa juu yake siku nzima. Jioni akasema mtoto wa kwanza haondoki. Mtoto wa kwanza ndiye atakayewashia mababu ubani. Akifa yeye, mababu wote wanakaa na njaa huko waliko. In-su, mdogo wangu, alikuwa na miaka kumi na tisa na jina lake lilikuwa bado halijaitwa. Baba hakumwambia aende. Alimtazama tu. In-su akasema, "Shati la kaka liko wapi?"

Mama alilia. Mimi sikusema kitu, na hilo ndilo ninalotaka ulijue. Watu wakisikia hadithi kama hii hutaka kusikia kwamba kaka alipigana na baba, alifungiwa ndani, alizimia. Mimi nilimwonyesha shati lilipo.

Oktoba kikaja kiboksi cha majivu kimefungwa kitambaa cheupe, na juu yake jina langu. Kwenye daftari la ukoo pale ofisini nikafutwa. Kuanzia siku hiyo, kwa serikali, mimi ni In-su. Mwaka wa hamsini na tatu wakamwita In-su, nikaenda. Vita vikasimama nikiwa bado kambini, nafundishwa kukunja blanketi. Baba aliishi miaka ishirini mingine na hakuongelea hilo hata mara moja.

Tulihamia Busan, mahali ambapo hakuna ambaye angeniita njiani kwa jina la utotoni. Mama huniita "baba Gyeong-ok", kwa jina la binti yangu, kama akina mama wote wanavyofanya. Watu husikia adabu. Mimi najua anakwepa majina yote mawili.

Kila mwaka siku ya tambiko lake naandika karatasi ya jina kwa brashi na kuisimamisha mezani: Maeng In-su. Nalitolea chakula na pombe jina ninaloitwa mimi sokoni, kisha naichoma. Mara moja kwa mwaka, kwa muda wa ubani mmoja, mdogo wangu ana jina lake.

Sasa wewe utasimama na kipaza sauti.

Hii nayo nimetia sahihi ile ile. Mkono haujui nyingine.

Maeng In-su


Unha
20 Mei 1990

Babu Maeng,

Nimeichoma. Nilikaa pale mpaka Bibi akaniuliza kama naoka viazi.

Nimechelewa kujibu. Huwa naandika haraka kuliko ninavyoongea, lakini safari hii hata kuandika kumenishinda. Naomba msamaha kwa ile barua ya tarehe mbili. Nilikuwa nimekutungia hadithi kutoka kwenye vitabu.

Sikumwambia Bibi neno. Nilimwuliza tu, "Bibi, ulikuwa unajua?"

"Najua nini? Mimi kikongwe, najua vitunguu saumu."

"Kuhusu ndugu wawili wa akina Maeng."

Akamenya vitatu kabla ya kujibu. Nanukuu, kwa sababu niliandika mara moja baada ya hapo:

"Yule mdogo alipita hapa asubuhi, amevaa shati la kaka yake, mikono imemmeza vidole. Tukamwambia, nenda salama, In-ho. Sisi sote. Angekuwapo mbwa anayeongea, naye angemwita In-ho."

"Kwa nini, Bibi?"

"Kwa sababu baba yake alikuwa anatembea nyuma yake, anatutazama usoni mmoja mmoja."

Kisha akanigombeza kwamba mikono yangu haina kazi, akanipa vitunguu. Baadaye sana, bila kuulizwa, akasema, "Mtoto yule alikuwa mcheshi. Alipofika kwenye daraja akageuka akasema, 'Msinisahau, mimi In-ho!' Tukacheka. Mungu anisamehe, tulicheka."

Babu, kijiji kizima kilijua. Wamebaki wachache, lakini watakuwa pale chini ya turubai, na kila mmoja anangoja kuona nitasoma nini.

Orodha inakwenda ofisini tarehe ishirini na nane kupigwa mhuri. Baada ya hapo siruhusiwi kugusa hata nukta. Kuna njia tatu. Naweza kusoma kama lilivyochongwa. Naweza kujifanya nimekosea na kuliruka, ingawa wote watajua sikukosea. Au wewe uandikie ofisi ukweli na jina libadilishwe. Najua hii ya tatu ni rahisi kwangu kuiandika. Sijui sheria itakufanya nini. Nilitafuta maktabani, kitabu cha sheria kilichopo ni cha mwaka wa sitini na mbili na panya wamekula sura ya daftari la ukoo.

Sitaki kuchagua mimi. Silali vizuri. Niambie nisome nini, nami nitasoma.

Seon-hui


Busan
26 Mei 1990

Seon-hui,

Soma kama lilivyochongwa.

Mnara una ngazi ngapi kutoka barabarani?

Maeng In-su


Unha
30 Mei 1990

Babu,

Orodha imepigwa mhuri. Themanini na saba: Maeng In-ho.

Ngazi ni arobaini na moja, na zile za juu zimelegea. Sielewi kwa nini umeuliza, labda unakumbuka zamani. Mnara ulijengwa baada ya ninyi kuhama.

Niliahidi kusoma utakaloniambia, na nitasoma. Lakini wewe uliniambia ukweli, kwa hiyo nami nitakuambia. Nilitumaini ungejibu vingine. Nilikuwa nimeshajiandaa kuogopa kwa ajili ya jambo kubwa. Sasa naogopa kwa ajili ya jambo dogo: kwamba nitalitamka vizuri, kwa sauti nzuri, na litakuwa uongo, na watu watanipigia makofi.

Nisamehe. Si adabu kumwandikia mzee hivi. Nikisubiri kesho sitaituma, kwa hiyo naituma.

Seon-hui


Unha
9 Juni 1990

Babu Maeng,

Sijui kama barua hii itakukuta nyumbani au mahali pengine. Bibi anasema wazee hawafungwi kwa kusema "Nipo," lakini Bibi pia anasema mvua ya Juni inaponya chunusi.

Kwanza, barua yangu ya tarehe thelathini. Kama ulishaipokea kabla hamjapanda treni, naomba uichome kuliko ulivyowahi kuchoma kitu. Uliuliza ngazi kwa ajili ya mama yako. Ngazi arobaini na moja, umembeba mgongoni, na mimi nilikujibu kuhusu zamani.

Nakuandikia hasa kwa sababu karani alikushika mkono akakupeleka kwenye hema la ofisi, na nadhani hukusikia yaliyofuata. Mtu anapaswa kukuambia, na mimi ndiye niliyekuwa na kipaza sauti.

Niliposoma jina la themanini na saba, ukajibu, "Nipo." Mimi nilidhani ni mwangwi. Nikataka kuendelea na themanini na nane. Kisha nikaona wazee wa kijiji chini ya turubai wote wameinamisha vichwa, isipokuwa Bibi, ambaye alikuwa anakutazama wewe umesimama na kofia mkononi, na hapo nikaelewa ni nani aliyejibu. Ukasema tena, "Maeng In-ho. Nipo. Hapo nifute kwa mstari, aandikwe mdogo wangu." Karani akaja mbio. Watu wa nyuma wakaanza: "Nani huyo?" "Kalewa?" "Asubuhi yote hii?" Mtu mmoja akasema, "Mtoeni, anawavunjia heshima mashujaa." Hayo uliyasikia, samahani.

Haya ndiyo hukuyasikia. Mwalimu Bang alinifanyia ishara ya mkono: endelea. Nikaitazama karatasi. Nilifikiri, mama yake ameketi pale na mwanawe mmoja ameshaondolewa. Basi nikasoma ambacho hakikuandikwa. Nikasema, "Maeng In-su."

Kelele zikafa.

Mama yako alikuwa ameketi kwenye kiti cha Bibi, na Bibi amesimama nyuma yake. Hakulia. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeagiza chumvi, "Rudia."

Nikarudia.

"Tena. Polepole."

Nikasema polepole. Maeng. In. Su. Mzee mmoja wa kijiji akavua kofia. Kisha mwingine. Kisha mama yako akaitikia kwa kichwa kunipa ruhusa, na nikaendelea na themanini na nane, na nikafika mpaka mia mbili na kumi na mbili, na hadi leo sijui sauti ile niliitoa wapi.

Ofisi imeniandikia niwasilishe maelezo: nani aliniagiza kusoma jina lisilo kwenye orodha. Nimeandika ukurasa mmoja. Nimesema hakuna aliyeniagiza, na hiyo ni kweli. Uliniagiza kinyume. Mwalimu Bang amekaripiwa kwa ajili yangu. Aliniambia mwaka ujao watarudia kutaja hesabu tu, kisha akaongeza kwamba hesabu nayo sasa ina matatizo. Alikuwa karibu kucheka.

Sijui kama nilifanya vema. Wewe ulitoa jina lako mwenyewe. Mimi nilitoa la mtu mwingine bila kuwauliza ninyi. Tafadhali niandikie, hata mstari mmoja, unieleze wamekufanya nini.

Seon-hui


Busan
21 Juni 1990

Mwanangu Seon-hui,

Niko nyumbani. Mvua zimeanza, na miavuli imejaa mpaka mlangoni.

Barua yako ya tarehe thelathini ilifika siku tuliyosafiri. Niliisoma kwenye treni. Sikuichoma, hairuhusiwi kuwasha moto ndani ya behewa. Sasa sina haja.

Wamenihoji mara mbili hapa Busan. Kijana wa daftari la ukoo ni mwema, lakini amechanganyikiwa kuliko mimi. Aliniambia, "Mzee, kwenye kitabu In-ho alikufa. Siwezi kupokea maelezo ya marehemu. Inabidi asaini In-su." Nikamwambia, "In-su ndiye marehemu." Akasema, "Basi hakuna wa kusaini." Mwishowe akaniambia nirudi mwezi wa nane akishawauliza wakubwa zake, na wakubwa zake watauliza mahakama. Wanaweza kuniadhibu. Wanaweza kusema miaka imepita. Mwanangu wa bandarini hajasema nami kwa wiki nzima. Jana alikuja, akakaa, akasema, "Kwa hiyo mimi ni mtoto wa nani?" Nikamwambia, "Wangu." Akanywa chai akaenda zake. Atarudi, nadhani. Sina hakika.

Uliniuliza kama ulifanya vema. Mimi si wa kuulizwa mambo ya vema. Lakini nilimsomea Mama barua yako mpaka pale aliposema "Rudia". Akanizuia. Akasema, "Huyo mtoto mwenye sauti ndogo, ana wazazi?" Nikamwambia anaishi na bibi yake. Akasema, "Mwambie alilitamka sawasawa." Basi nimekuambia.

Jambo lingine, kisha nirudi kazini. Juzi nilikuwa uani nakausha vitambaa. Mama alikuwa ndani. Nikasikia anaita, "In-ho!" Nikaendelea kubana vitambaa. Akaita tena, "In-ho!" Nikafikiri, maskini, anaota mchana, anamwita mtu wa zamani, nimwache. Akaita mara ya tatu kwa hasira, kama alivyokuwa akituita tukiwa mtoni wali umeiva. Mke wangu akatoka jikoni na mwiko mkononi, akasema, "Wewe! Huitwi?"

Ndipo nikaangusha vibanio vyote, nikaingia ndani.

Maeng In-ho